Denis Burkitt: daktari aliyelifuata jino lililolegea mpaka akaikuta saratani

Jino la mtoto likianza kucheza, wazazi wengi hatuna wasiwasi. Tunajua meno ya utoto lazima yang'oke ili meno ya kudumu yaote. Sehemu nyingi za nchi yetu mtoto hulirusha jino lake juu ya paa akiomba apewe jipya, na watu wa nyumbani hucheka na kusubiri.

Lakini yapo meno yanayolegea kabla ya wakati wake. Mtoto wa miaka minne au mitano, gego linacheza, ufizi umevimba, shavu limejaa upande mmoja. Wengine husema ni jino bovu, wengine husema ni jipu, wengine huhisi mtoto amerogwa. Mara nyingine ni jino bovu kweli. Mara nyingine ni saratani inayokua haraka kuliko karibu saratani nyingine zote, na isipotibiwa humwua mtoto katika miezi michache.

Saratani hiyo leo inaitwa kwa jina la daktari aliyeitambua akiwa Kampala, nchi jirani ya Uganda: Denis Burkitt. Tumeona tuwaletee wasikilizaji wetu wa Inyonga na Mlele nzima habari za maisha yake, kwa sababu kazi yake ilianzia kwenye taya za watoto wa Afrika Mashariki, na kwa sababu aliyoyagundua yanamhusu kila mzazi mwenye mtoto mdogo.

Mtoto wa mhandisi aliyehesabu ndege

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa serikali katika wilaya yao, akisimamia barabara na madaraja. Muda wake wa mapumziko aliutumia kuchunguza ndege. Aliwafunga ndege wadogo wa bustanini alama miguuni, akachora ramani kuonyesha kila mmoja anaishi wapi na mpaka wake na jirani uko wapi. Wataalamu wa ndege wanamkumbuka hadi leo kwa kazi hiyo.

Tunalitaja hili kwa sababu mtoto alikuja kufanya kwa maradhi kile baba alichofanya kwa ndege. Kila alipokutana na ugonjwa, swali lake la kwanza lilikuwa: unapatikana wapi, na haupatikani wapi?

Alipokuwa na umri wa miaka 11, wavulana walirushiana mawe, jiwe moja likapiga miwani yake na vioo vikaingia jichoni. Jicho la kulia halikupona, likatolewa. Tangu siku hiyo hadi kufa kwake aliishi na jicho moja.

Mwaka 1929 aliingia Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake. Hakufanya vizuri sana. Wakati huohuo aliingia katika kikundi cha wanafunzi Wakristo waliokuwa wakisali pamoja, imani yake ikawa na nguvu, akaamua kubadili masomo na kusomea udaktari. Alihitimu mwaka 1935, na miaka mitatu baadaye akafaulu mtihani wa daktari bingwa wa upasuaji.

Aliyekataliwa kwa sababu ya jicho

Burkitt alitaka kufanya kazi Afrika. Aliomba nafasi Afrika Magharibi katika utumishi wa serikali ya kikoloni ya Uingereza, akakataliwa. Waliona daktari wa upasuaji mwenye jicho moja hafai. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, jeshi lilihitaji madaktari na halikuchagua sana. Mwaka 1941 alijiunga na kikosi cha madaktari, na kwa njia hiyo akafika Kenya na Somalia. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, aliyekuwa muuguzi, na baadaye wakajaliwa mabinti watatu.

Vita vilipokwisha aliomba tena, safari hii Uganda, akakubaliwa. Mwaka 1946 alipelekwa Lira, katika wilaya ya Lango, kaskazini mwa nchi. Huko alikuwa daktari wa kila kitu: kuzalisha, kupasua, kutibu malaria, kuzunguka zahanati za mbali kwa barabara za vumbi. Wasikilizaji wetu wanaoijua kazi ya mganga wa wilaya katika eneo kubwa lenye watu waliotawanyika wataelewa tunachosema.

Wanaume wengi walikuja kwake na mabusha. Aliwapasua, lakini pia aliuliza kila mmoja ametoka kijiji gani. Baada ya muda aliona kwamba upande wa mashariki wa wilaya mabusha yalikuwa mengi sana, na upande wa magharibi yalikuwa machache. Watu ni walewale, wilaya ni ileile, ila ugonjwa una mpaka wake. Aliandika habari hiyo katika jarida la madaktari. Haikuwavutia wengi, lakini yeye alikuwa amepata njia yake ya kufanya kazi.

Mwaka 1948 alihamishiwa Kampala, Hospitali ya Mulago, hospitali kubwa ya Uganda na pia ya kufundishia madaktari.

Watoto wawili, 1957

Mwaka 1957 daktari mwenzake pale Mulago, Hugh Trowell, aliyekuwa bingwa wa utapiamlo wa watoto, alimwita wodini akamtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba pande zote mbili, taya la juu na taya la chini. Meno yalikuwa yamelegea na kusukumwa nje ya mahali pake. Jipu la jino huvimbisha upande mmoja. Mtoto huyu alikuwa na uvimbe sehemu nne kwa mpigo. Burkitt hakuwahi kuona kitu cha namna hiyo, na hakuwa na tiba ya kumpa.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja kukagua wagonjwa katika hospitali ya huko. Alipotazama nje ya dirisha alimwona mtoto ameketi nyasini na mama yake, uso umevimba vilevile. Alitoka akamchunguza. Taya zilikuwa na uvimbe, na alipomgusa tumbo akakuta na huko pia kuna uvimbe.

Mtoto mmoja anaweza kuwa ajabu tu. Wa pili alimfanya aanze kutafuta. Aliporudi Mulago alifungua majalada ya wagonjwa wa miaka iliyopita, akafuatilia kila mtoto aliyekufa kwa uvimbe. Akaona kwamba watoto waliovimba taya mara nyingi walikuwa pia na uvimbe tumboni, kwenye figo, kwenye ini, au kwenye jicho. Wengine walipooza miguu kwa sababu uvimbe ulibana uti wa mgongo.

Kwa nini hakuna aliyeuona kabla

Hapa kuna jambo la kutafakari. Ugonjwa huu haukuwa mpya. Albert Cook, daktari mmisionari aliyeanzisha Hospitali ya Mengo Kampala mwaka 1897, alikuwa ameandika habari za watoto wenye uvimbe wa taya miongo mingi kabla. Wauguzi na wasaidizi wa Mulago walikuwa wakiwaona watoto hawa mara kwa mara. Wakina mama waliwaona kabla ya watu wote.

Tatizo lilikuwa kwamba ugonjwa ulikatwa vipandevipande. Mtoto aliyelegea meno alipelekwa kwa mtu wa meno. Aliyevimba jicho alipelekwa kwa mtu wa macho. Aliyevimba tumbo alipelekwa kwa mpasuaji. Kila mmoja aliandika jina lake la ugonjwa kwenye jalada. Hakuna aliyesema kwamba watoto hawa wote wanaumwa kitu kimoja.

Burkitt alilisema hilo. Mwaka 1958 alichapisha makala katika jarida la upasuaji la Uingereza, akieleza habari za watoto 38. Madaktari wa maabara pale Kampala waliochunguza vipande vya nyama chini ya hadubini wakathibitisha baadaye kwamba kweli ni aina moja ya saratani, inayotokana na chembe za damu za kinga ya mwili. Yeye mwenyewe hakuwa mtaalamu wa maabara, na bila wenzake hao asingefika mbali.

Ramani ukutani na safari ndefu

Sasa swali lake la siku zote likarudi: unapatikana wapi?

Alichapisha vipeperushi vyenye picha za watoto wagonjwa, akavituma kwenye hospitali za serikali na za misheni sehemu nyingi za Afrika. Aliuliza jambo moja: je, mmewahi kuwaona watoto wa namna hii? Majibu yalipokuja aliyaweka kwenye ramani ukutani, pini moja kwa kila mahali. Pini zilijipanga kama mkanda uliokatiza katikati ya Afrika, kutoka magharibi hadi mashariki, ukiwa na mkia ulioshuka upande wa mashariki mpaka Msumbiji.

Mkanda ulikuwa na mipaka, na Burkitt alitaka kuiona kwa jicho lake. Mwezi Oktoba 1961 aliondoka Kampala na madaktari wenzake wawili, Ted Williams wa hospitali ya misheni ya Kuluva karibu na Arua, na Clifford Nelson. Gari lao lilikuwa Ford kuukuu lililonunuliwa kwa pauni 250. Walikwenda kusini, wakapita Tanganyika wakati nchi yetu ikiwa inajiandaa kwa uhuru, wakaendelea mpaka Afrika Kusini na kurudi. Walitembea takriban kilomita 16,000 kwa muda wa wiki kumi, wakafika hospitali zaidi ya hamsini. Kila walipofika walionyesha picha zilezile na kuuliza swali lilelile.

Jibu lilianza kuonekana. Maeneo ya karibu na ikweta, ugonjwa haukuwapo kwenye nyanda za juu zaidi ya meta 1,500 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini ndivyo mpaka huo ulivyoshuka. Mwanzoni walidhani ni suala la urefu kutoka usawa wa bahari. Kisha mtafiti mmoja wa Entebbe akawaonyesha kwamba kinachohesabika ni joto. Mahali penye baridi kali kiasi ugonjwa haupo. Mahali pakavu sana pia haupo. Upo penye joto na mvua.

Joto na mvua ni nini kwa mtu wa Katavi? Ni mbu. Watafiti wakaona kwamba ramani ya ugonjwa huu inafanana sana na ramani ya malaria kali ya mwaka mzima.

Kirusi na malaria

Miezi michache kabla ya safari hiyo, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali moja mjini London. Miongoni mwa waliosikiliza alikuwapo mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza virusi. Alipomsikia daktari kutoka Uganda akieleza saratani inayofuata joto na mvua, alihisi kuna kirusi ndani yake. Wakakubaliana vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Kampala.

Kwa muda mrefu hakuona kitu. Mwaka 1964, yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong walikiona kirusi kwenye chembe zilizotoka kwa mgonjwa wa Uganda. Kikaitwa kirusi cha Epstein na Barr. Kilikuwa kirusi cha kwanza kugunduliwa katika saratani ya binadamu.

Tueleze kwa uangalifu, ili tusiwatie watu hofu bure. Kirusi hiki kiko duniani kote na karibu kila mtu mzima anacho. Huambukizwa kwa mate, mara nyingi utotoni, na watu walio wengi hawaumwi nacho. Saratani hutokea kwa watoto wachache sana. Wataalamu wanaona kwamba malaria ya mara kwa mara huvuruga kinga ya mwili wa mtoto mdogo, na kirusi hicho kinapata nafasi ya kufanya madhara. Kwa hiyo mtoto mwenye ugonjwa huu hawaambukizi saratani ndugu zake, hajalaaniwa, na hakuna aliyemtupia. Asitengwe.

Nchi yetu ya miombo ina joto, ina mvua za kutosha na ina mbu. Tuko ndani ya mkanda wa Burkitt. Mtoto kulala ndani ya chandarua kila usiku, na kupimwa mapema akipata homa, ni kumlinda dhidi ya malaria, na malaria ndiyo mshirika wa saratani hii.

Dawa iliyoyeyusha uvimbe

Burkitt alikuwa mpasuaji, lakini kwa ugonjwa huu kisu hakikusaidia. Uvimbe ukikatwa huku, unaota kule. Mashine za mionzi hazikuwapo Uganda. Watoto walikuwa wakifa mbele yake.

Kuanzia mwaka 1960 madaktari wa Marekani waliokuwa wakijaribu dawa mpya za saratani walimpa baadhi ya dawa hizo. Hakuwa na vifaa vya kisasa vya kupimia, na dozi alizotoa zilikuwa chache. Lakini matokeo yalimshangaza kila mtu. Uvimbe uliokuwa umeharibu sura ya mtoto ulinywea ndani ya siku chache. Baadhi ya watoto walipona kabisa, wakakua wakawa watu wazima. Enzi hizo madaktari wengi waliamini saratani haiponi kwa dawa peke yake. Watoto wa Uganda walikuwa miongoni mwa ushahidi wa kwanza kwamba inawezekana.

Sababu yake ndiyo tunayotaka kila mzazi aikumbuke. Saratani hii inakua haraka mno, uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa kuwa inakua haraka, dawa nayo huipiga haraka. Mtoto akifika hospitali mapema, nafasi ya kupona ni kubwa. Akicheleweshwa mwezi mzima kwa kuhangaika huku na kule, inapungua sana.

Mwaka 1967 pale Mulago kilifunguliwa kituo cha kutibu ugonjwa huu, ambacho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo. Burkitt alikuwa ameondoka Uganda mwaka mmoja nyuma yake, baada ya miaka ishirini.

Dona, sembe na sukari

Mtu mwingine angepumzika. Burkitt alirudi Uingereza akiwa na umri wa miaka 55 akaanza kazi ya pili, na hii nayo inafika mpaka kwenye sahani ya mtoto wako.

Alikutana na Peter Cleave, daktari wa zamani wa jeshi la majini, aliyekuwa akidai kwamba maradhi mengi ya nchi tajiri yanatokana na kula sukari nyeupe na unga uliokobolewa. Miongoni mwa maradhi hayo Cleave alitaja kuoza kwa meno. Madaktari wengi walimpuuza. Burkitt alikumbuka kwamba katika miaka yake yote Uganda, vijijini hakuwa ameona kisukari kingi, wala kidole tumbo, wala watu wenye choo kigumu cha kudumu, maradhi yaliyojaa hospitali za Uingereza. Akarudi kwenye njia yake ileile: barua kwa hospitali za misheni, maswali mafupi, majibu kila mwezi, ramani.

Alifikia kusema kwamba chakula kinapokobolewa sana, kinapoteza nyuzinyuzi, na mwili unaumia. Kwa lugha ya mashine ya kusaga ya kijijini, alikuwa akisema dona ni bora kuliko sembe. Mwaka 1975 yeye na Trowell, yule yule aliyemwita kumwona mtoto wa Mulago, walitoa kitabu kikubwa kuhusu vyakula vilivyokobolewa na maradhi. Baadaye aliandika kitabu kidogo kwa ajili ya watu wa kawaida, kikasomwa sana.

Katika hili wapo waliomkosoa, na walikuwa na hoja. Watafiti waliomfuata waligundua kwamba nyuzinyuzi peke yake hazielezi kila kitu, na kwamba baadhi ya maradhi aliyoyahusisha nazo yana sababu nyingi. Hata hivyo ushauri wa kula nafaka isiyokobolewa, maharage, mboga na matunda, na kupunguza sukari, umebaki kuwa ushauri wa wataalamu wa lishe duniani kote.

Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa chama cha juu cha wanasayansi wa Uingereza, na mwaka huohuo akapata tuzo ya Lasker ya Marekani pamoja na madaktari wengine waliofanyia kazi tiba ya saratani. Aliendelea kusafiri na kufundisha. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Yanatuhusu vipi sisi wazazi wa Inyonga

Burkitt alikuwa na jicho moja na swali moja. Aliwaangalia watoto wazima wazima, siyo kipande kimoja kimoja. Mzazi anaweza kufanya hivyo nyumbani bila kusomea udaktari. Tuanze na umri wa meno.

Mtoto huanza kuota meno akiwa na miezi sita hivi. Akifika miaka mitatu kwa kawaida ana meno 20 ya utoto. Yanaanza kung'oka karibu na miaka sita, yakianza yale ya mbele, hasa ya chini. Magego ya utoto hung'oka baadaye, kati ya miaka tisa na kumi na mbili. Kwa hiyo mtoto wa miaka sita jino la mbele likicheza, furahini naye. Lakini mpeleke mtoto kwenye kituo cha afya bila kuchelewa ukiona mojawapo ya haya:

- Meno yamelegea kabla ya miaka mitano, hasa magego, na mtoto hakuanguka wala kupigwa.
- Meno kadhaa yanacheza kwa wakati mmoja au yamesukumwa nje ya mstari.
- Ufizi au taya limevimba, na uvimbe unaongezeka kila siku, hata kama mtoto halalamiki maumivu.
- Jicho linatokeza nje, au tumbo linavimba, au miguu inakosa nguvu.
- Jino limeng'olewa kwa sababu ya uvimbe lakini uvimbe unaendelea kukua.

Ukifika, mweleze mhudumu ni siku ngapi zimepita tangu uvimbe uanze, na umwonyeshe pia tumbo la mtoto, siyo mdomo tu. Kutoka Inyonga rufaa huweza kwenda hospitali ya mkoa Mpanda, na kutoka huko kwenye hospitali kubwa zinazotibu saratani za watoto, kama Bugando mjini Mwanza au Muhimbili jijini Dar es Salaam. Ni safari ndefu na yenye gharama, tunajua. Uliza mapema kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu msaada na msamaha wa matibabu. Usirudi nyumbani kimya kwa sababu ya nauli.

Meno ya plastiki

Liko jambo jingine ambalo hatuwezi kuliacha. Tangu miaka ya 1980 imeenea nchini imani kwamba mtoto mchanga mwenye homa na kuhara ana meno ya plastiki, wengine huyaita meno ya nailoni, na kwamba asipong'olewa atakufa. Ufizi wa mtoto hukatwa kwa kisu, wembe au spoku ya baiskeli, na kitu cheupe laini hutolewa.

Kitu hicho cheupe siyo plastiki. Ni jino changa la mtoto, mara nyingi chonge, ambalo bado halijakomaa, ndiyo maana ni laini. Kila mtoto mzima analo. Homa na kuhara vina sababu nyingine, mara nyingi malaria au maji machafu, na wakati mtoto anakatwa ufizi ugonjwa wake wa kweli unaendelea bila dawa. Watoto wamekufa kwa kutokwa damu, kwa pepopunda na kwa damu kuingiwa na vijidudu. Wanaopona wengi huota meno ya kudumu yaliyoharibika. Mtoto mchanga mwenye homa na kuhara anahitaji kunyonya, maji ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, na kipimo cha malaria. Hahitaji wembe.

Kila siku nyumbani

Kwa watoto walio wengi adui wa meno siyo saratani, ni sukari. Vijidudu vya mdomoni hula sukari na kutoa tindikali, nayo tindikali hutoboa jino. Kinachoumiza zaidi siyo wingi wa sukari peke yake, ni mara ngapi kwa siku inaingia mdomoni. Mtoto anayelamba pipi asubuhi, akanywa soda mchana, akala biskuti jioni na kulala na chai ya sukari mdomoni, meno yake hayapati muda wa kupumzika.

Na asali je? Inyonga inajulikana kwa asali yake, na sisi tunajivunia. Ni chakula kizuri, lakini kwa meno ni sukari kama sukari nyingine, tena inanata. Mpe mtoto pamoja na chakula, kisha asukutue kwa maji. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvishinda.

Jino la kwanza likiota tu, anza kulisafisha. Piga mswaki mara mbili kwa siku, na ya usiku kabla ya kulala usiikose. Tumia dawa ya meno yenye madini ya floridi: kwa mtoto chini ya miaka mitatu kiasi cha punje ya mchele, kwa mkubwa zaidi kiasi cha punje ya njegere. Ateme povu. Mpaka afike miaka saba au minane, mzazi amsaidie, maana mkono wake bado hauwezi kufika nyuma kwenye magego. Siku dawa haipo, mswaki na maji, au mswaki wa mti uliotafunwa vizuri, ni bora kuliko kuacha. Karanga, maharage, kisamvu, matembele, maembe ya msituni na ugali wa dona ni rafiki wa mtoto kuliko biskuti za dukani.

Unapomsafisha mtoto meno usiku, chukua tochi ya simu umulike. Tazama meno yote, tazama fizi, tazama kama pande mbili za uso zinafanana. Ni kazi ya dakika moja. Ukiona kitu kisicho kawaida, kesho yake asubuhi nendeni kituo cha afya.